Nikifika pabaya, nafunga kitabu

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 18, nasoma kidato cha tano, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), katika shule ya bweni ya wasichana huku Kanda ya Ziwa. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana. Safari hii naiandika wakati wa prepo, na wenzangu wanadhani natunga insha.

Nilipofika shule hii, mwalimu wa Kiswahili aliniomba nisimamie kikundi cha kusoma. Tuko kumi na wanne, kuanzia kidato cha pili hadi cha tano, na tunakutana Jumamosi jioni tukishamaliza kufua. Kitabu cha kwanza nilikichagua mwenyewe, Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi. Nilisikia kinahusu msichana wa Ukerewe aliyekwenda kusoma bweni, na mimi ni mtoto wa visiwani. Nikadhani nitajiona humo.

Shangazi, nilijiona kweli. Mwanzoni tu kuna baba mlevi anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Nilipofika pale masikio yakaanza kuvuma kama ya mtu aliyezama majini. Nikakifunga. Nikakisukuma chini ya tranka, na mbele yake nikaweka ndoo, kana kwamba kingetoka chenyewe.

Baba yangu alikuwa akitupiga, mama na mimi, kwa waya wa pasi. Siku hizi hali ni tofauti kidogo, pombe ya kila siku ameiacha. Nyumbani wapo mama na mdogo wangu wa kiume mwenye miaka tisa. Hapa shuleni hakuna anayejua.

Jumamosi iliyofuata wenzangu waliniuliza nimefika ukurasa gani. Sikutaka kueleza, nikatunga kanuni palepale: mtu akifika mahali kitabu kinamshinda, akilaze kifudifudi mezani, na asiulizwe kwa nini. Wote waliipenda. Mmoja alisema ndiyo raha ya kikundi chetu, maana darasani hakuna kulaza.

Mwanzoni ilikuwa mara mojamoja. Sasa mambo yamekuwa mengine. Mmoja alilaza kwa sababu mhusika mkuu ni mke wa pili. Mwingine alilaza kwa kuwa mhusika alibadili dini. Yupo ambaye kabla hajafungua anauliza, "Kinaishaje?" Akiambiwa kuna kifo, hagusi. Hilo nilimfundisha mimi, maana siku hizi nasoma ukurasa wa mwisho kwanza. Tangu mwezi wa pili hakuna kitabu hata kimoja tulichokimaliza pamoja.

Lililoniumiza zaidi limetokea wiki mbili zilizopita. Wa kidato cha tatu walileta riwaya ya mama anayetoroka na mtoto wake mchanga mwenye ualbino ili asiuawe. Kabla hatujafika ukurasa wa ishirini, watatu wakawa wamelaza. Mmoja akasema, "Inanitia huzuni, mimi sipendi kusoma vitu vya hivi." Katika kikundi chetu tuna mdogo wetu wa kidato cha pili mwenye ualbino. Pale hakusema neno. Usiku alikuja kitandani kwangu akaniambia, "Dada, wao wakilaza wanapumzika. Mimi nikilaza nabaki humohumo." Akaenda kulala. Mimi sikulala.

Mwalimu mlezi amepata habari. Anasema fasihi si peremende, na kanuni ifutwe kabla ya kufunga shule. Nikiifuta, itabidi nianze mimi: nikitoe kitabu chini ya tranka nikisome mbele ya wenzangu. Nikiiacha, namwumiza yule mdogo wangu, na labda nawalea wenzangu wawe watu wasioweza kuvumilia lolote. Je, mimi ni mwoga? Na nina haki gani ya kumlazimisha mtu asome wakati mwenyewe nilikimbia?

Ni mimi,
Mfunga Vitabu

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nashukuru kwamba hii ya nne hukuichana.

Nimeisoma jana usiku, nikairudia leo asubuhi kabla ya chai, na kila mara nilisimama kwenye neno lilelile. Umeandika kwamba nyumbani hali ni tofauti "kidogo". Hukuandika kwamba kupigwa kumekwisha. Umeandika ameacha pombe ya kila siku, na mimi nikajiuliza ya Jumamosi je? Labda nimechungulia mno, na kama ni hivyo utanisamehe. Lakini nakuuliza kama mzazi: mama yako bado anapigwa? Na huyo mdogo wako wa miaka tisa?

Kama jibu ni ndiyo, au kama ukiwa bweni huna njia ya kujua, hili lina haraka kuliko kanuni yoyote ya kikundi. Ipo namba 116, simu ya huduma kwa mtoto. Haitozwi, na unaweza kupiga wewe kwa ajili ya mdogo wako. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Najua kumsema baba si kama kumsema jirani. Huenda ndiye anayekulipia mahitaji ya shule, na wapo ndugu watakaokwambia umeanika aibu ya nyumba. Kwa hiyo sikwambii upige kesho asubuhi. Ninachokuomba ni usiendelee kulibeba peke yako. Yupo matroni, yupo mwalimu wa ushauri nasaha, pengine yupo mama mdogo au mjomba. Mtafute mmoja ambaye umewahi kumwona akitunza siri ya mtu mwingine, uanze na sentensi moja tu.

Sasa nije kwenye kitabu chini ya tranka.

Umeniuliza kama wewe ni mwoga. Mimi nilikuwa kidato cha pili Bukoba, miaka ya tisini. Mkoa wetu wa Kagera ndiko walikotambuliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini, mwaka 1983, na nilipofika sekondari makaburi mapya kwenye migomba ya ukoo wetu yalikuwa hayahesabiki. Mama yangu mdogo alikuwa amelala chumba cha nyuma, na mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha uji jioni. Darasani tukaletewa tamthiliya iliyohusu ugonjwa huohuo. Mwalimu akaniteua nisome kwa sauti maneno ya mgonjwa. Nilisoma mistari minne nikanyamaza. Alidhani najidai, akaniacha nimesimama mpaka kengele ya kutoka. Kitabu kile sikukigusa tena mpaka nilipotimiza miaka 31, nikiwa na mtoto wangu mwenyewe. Nilipokirudia, sehemu niliyoiogopa miaka yote ile ilikuwa chini ya nusu ukurasa. Nililia, lakini nililia nikiwa nimekaa kitini kwangu, mlango umefungwa kwa ndani, na hakuna aliyenisimamisha.

Hadi leo siwezi kukwambia kama nilipatia kukaa nacho mbali muda wote huo. Labda ningekirudia nikiwa na miaka ishirini ningelala vizuri mapema zaidi. Labda kingenivunja. Ninachokijua ni kwamba kitabu kilinisubiri. Nawe hakuna anayekudai. Rosa hatazeeka humo ndani.

Kwa hiyo neno "kukimbia" nisingelitumia haraka. Anayerudisha mkono kwenye chungu cha moto hatumwiti mwoga. Lakini umeniandikia pia kwamba sasa unasoma ukurasa wa mwisho kwanza. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu nadhani mkono umeanza kurudi hata kabla ya kuhisi joto. Siku ile ya kwanza kitabu kilikutonesha kidonda. Hizi siku nyingine, ni kidonda kilekile, au ni hofu ya kwamba huenda kikaguswa? Sijui. Nawe huenda usijue mara moja, maana mwilini yote hufanana: moyo kwenda mbio na mkono kutaka kufunga.

Na wenzako je? Nimeona umeziweka sababu zao upande wa nyepesi na yako upande wa nzito. Yule aliyelaza kwa sababu ya mke wa pili, unajua nini cha nyumbani kwao? Huenda mama yake ndiye aliyeletewa mwenzake mlangoni. Huenda mama yake ndiye huyo wa pili, na watoto wa mtaani wamemwimba. Inawezekana pia kwamba hapendi tu, na kwamba kitabu kingemfaa hasa kwa sababu hapendi. Wewe hujui cha kwao, na yeye hajui cha kwenu. Kanuni yako ya kutoulizana iliwakinga wote wawili, na hapohapo ikawatenga. Mmekaa kumi na wanne chumba kimoja, kila mmoja na ndoo yake mbele ya tranka.

Kuna jambo kuhusu kitabu hicho ambalo huenda hukuambiwa. Si wewe wa kwanza kukificha. Kilitoka mwaka 1971, riwaya ya kwanza ya Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, na kwa muda kilipigwa marufuku mashuleni kwa kuonekana kinasema mambo mazito mno kwa vijana. Miaka ikapita, kikaruhusiwa, kikafundishwa madarasani. Wakati ule mkono uliofunga ulikuwa wa wakubwa, na hakuna msichana wa kidato cha tano aliyeulizwa. Safari hii mkono ni wako. Kwangu mimi tofauti hiyo ni kubwa sana, na ningependa mwalimu mlezi aione, kwa sababu msichana anayejua wapi pa kusimama amejifunza kitu ambacho wengi wetu tulijifunza tumeshachelewa. Ila nakuomba uone na upande wa pili. Katika ile miaka ambayo kitabu kilizuiwa, akina baba kama Zakaria, yule baba mlevi wa Rosa, hawakupungua hata mmoja. Waliopungukiwa ni mabinti zao, ambao wangeweza kusoma na kujua kwamba kuna mtu mzima aliyeyaona yanayotendeka ndani ya nyumba hizo na akathubutu kuyaandika.

Ukiamua siku moja kukitoa chini ya tranka, nakuonya mapema: mbele kuna magumu kuliko kipigo kile, na mwishoni Rosa anajitoa uhai. Usikutane nalo peke yako usiku chini ya shuka. Na kama wewe mwenyewe umewahi kufikia mawazo ya namna hiyo, mwambie mtu leo, kabla hata ya kumaliza barua yangu.

Umejilaumu kwa kusoma ukurasa wa mwisho kwanza. Hapo mimi sioni kosa. Bibi yangu alipoanza "Hadithi, hadithi!" nasi tukaitika "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea," tulikuwa tunajua vizuri kabisa kwamba zimwi litamla mtoto na kwamba mwishoni litapasuliwa tumbo. Tuliisikia ngano hiyohiyo mara ishirini. Kujua mwisho ndiko kulikotupa nguvu ya kuvumilia katikati. Na kulikuwa na jambo jingine: tulikaa bega kwa bega, wadogo wamelala mapajani, na zimwi lilipokaribia kila mtu alimshika mwenzake. Leo tunampa msichana kitabu, anapanda kitandani, anabaki na zimwi wawili tu. Halafu akilifungia mlango tunamshangaa. Mara nyingi nafikiri kinachowashinda vijana wetu ni ule upweke wa kukutana na jambo baya kimyakimya, na huenda kitabu kilekile kingebebeka kama kingesomwa kwa sauti na watu kumi na wanne.

Ndiyo maana kabla ya kuifuta kanuni ningejaribu kwanza kubadili namna mnavyosoma. Kwa zamu, kwa sauti, kurasa tano tano, na anayechoka akabidhi kwa jirani badala ya kulaza. Mwenye kitabu akiwa amekwisha kukisoma anaweza kusema mapema, "Ukurasa wa arobaini kuna msiba," na atakaye anatoka kuchota maji akarudi. Hata hivyo siwezi kukuficha kwamba njia hii ina miiba yake. Kwa mwenye kidonda kama chako, kusikia kipigo kikisomwa kwa sauti ya mwenzako kunaweza kuwa kuzito kuliko kukiona kwenye karatasi, na anayetoka nje kila mara ataanza kusomwa usoni. Mimi mwenyewe niliumizwa kwa kusomeshwa kwa sauti, kwa hiyo pasiwe na wa kuteuliwa. Asome anayejitolea.

Kuifuta kabisa kutampendeza mwalimu, na pengine mtamaliza vitabu vitatu kabla ya likizo. Lakini siku moja atasimama mtu kwenye mstari wa nne, na wewe ndiye utakayekuwa umeketi mahali alipokuwa ameketi mwalimu wangu. Kuiacha kama ilivyo, umeona mwenyewe inakoelekea. Wapo watakaosema kila anayelaza atoe sababu. Hapo nina wasiwasi mkubwa, maana mwenye sababu ndogo ataieleza bila shida, na mwenye sababu kubwa ataacha kuja. Labda pana njia katikati: asiulizwe kwa nini amelaza, ila Jumamosi inayofuata aulizwe kama yuko tayari kukigeuza. Akisema bado, ni bado. Sijui kama itawafaa. Ninyi ndio mnaofahamiana.

Mwalimu wako nisingemfanya adui. Aliposema fasihi si peremende alikuwa na mtihani kichwani, na anayo haki: karatasi ya Kiswahili haiulizi nani aliumia. Ila maswali ya riwaya kwa kawaida humtaka mtahiniwa atumie vitabu viwili alivyosoma kati ya vilivyoorodheshwa, kwa hiyo nafasi ya kuchagua ipo, hata kama ni nyembamba. Nenda kwake, si lazima umweleze ya baba. Inatosha kumwambia kwamba kanuni ile uliitunga kwa sababu unayoijua wewe, na kwamba unaomba muda wa kuirekebisha badala ya kuizika. Walimu wengi hulegea wanapoona mwanafunzi amefikiri.

Nimemwacha mwishoni yule mdogo wako wa kidato cha pili, na ndiye niliyemwaza zaidi. Anasoma katika Kanda ya Ziwa hiyohiyo ambako, tangu katikati ya miaka ya 2000, watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina, na watoto wengine wakahamishiwa shule za bweni ili wawe salama. Sijui kama yeye ni mmoja wao. Alipokwambia "nabaki humohumo", wewe ulisikia akisema wenzake wasilaze. Yawezekana. Lakini soma tena maneno yake, mwanangu. Huenda alikuwa akikwambia kwamba amechoka kukaa chumba kimoja na kitabu kinachomjadili kama mtoto wa kuuawa, huku wenzake wakichungulia uso wake kuona anavyopokea. Huenda aliumizwa na lile neno "vitu vya hivi" kuliko vitabu vyenyewe kulazwa. Huenda anatamani riwaya hiyo isomwe hadi mwisho, kwa sauti, na ikiwezekana aisome yeye. Au anatamani kitabu ambacho mwenye ualbino anaendesha duka na kugombana na mpangaji wake kuhusu umeme. Hukumwuliza. Ulikaa macho usiku kucha kwa ajili yake, nami naona jinsi unavyompenda, ila asubuhi hukumwuliza.

Yeye alikuja kitandani kwako, kati ya wasichana wote wa bweni lile. Ukienda kitandani kwake, sidhani kama utahitaji maneno mengi. Na kama utaweza, huenda yeye ndiye mtu wa kwanza utakayemwambia kwamba kuna kitabu ambacho wewe pia umelaza na ungali humohumo.

Niandikie kabla hamjafunga shule, hata mistari miwili. Ya kikundi nitayapenda, lakini zaidi niambie ya nyumbani: nani atakupokea stendi, na likizo hii utalala wapi.

Shangazi